Wagiriki Walilala, Sisi Tulikesha

Riziki wangu,

Umelala. Nje bado kuna mwanga, majirani wa juu bado wanaburuta viti vyao, na wewe umeshalala kama unavyolala siku zote, kwa saa yako, bila kubembelezwa. Sanduku liko mlangoni. Papa yako amelinyanyua, amelirudisha chini, amesema ni zito, kisha ametazama upande wangu. Sijamjibu.

Sitakuandikia habari ya koti, wala ya kula, wala ya kunipigia simu. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi unayajibu kabla sijafungua mdomo. Naandika juu ya lile ulilosema jana.

Lakini niache kwanza nijivune, maana kesho pale stesheni ya Gare du Midi nitakuwa nalia na sitapata nafasi. Mtoto wangu anakwenda kusomea udaktari. Ule mtihani wa kuingia, ambao watoto wa nyumba zenye bustani hapa Auderghem waliwekewa walimu nyumbani na bado wakaanguka, wewe uliupita mara ya kwanza, ukisomea kwenye kiti cha mwisho cha salon yangu, chini ya ile casque ya kukaushia nywele iliyokufa zamani. Nimeshamwambia kila mtu katika maduka ya Galerie d'Ixelles. Nimemwambia muuza vitenge, nimemwambia mzee wa kurekebisha simu, nimemwambia mpaka mtu aliyeingia kuuliza choo kiko wapi. Maman Solange, mteja wangu wa siku zote, ananicheka. Anasema, "Maman Riziki, siku hizi ukisuka muntu, unamusuka na diploma ya mutoto wako ndani ya nywele." Acha acheke. Watoto wake yeye, bon, tuache watoto wa watu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa changu cha kuandika kinaniaibisha. Kiswahili nilikipata shuleni Uvira, mpaka darasa la sita, kwa mwalimu asiyesamehe kosa, na hata leo sioni wengi kule Matonge ya Brussels wa kunishinda kukiandika. Utasoma polepole, ukitaja maneno kwa sauti kama ulivyofanya ukiwa mdogo. Vizuri. Barua hii si ya kusoma mbio.

Jana tulikuwa tunakunja nguo zako. Nikakuuliza, katika wale wasichana mtakaokaa nao kwenye kot, ile nyumba ya wanafunzi kule Liège, ni nani utamwambia. Uliendelea kukunja. Kisha ukasema, "Maman, kule hakuna mutu ananijua. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu. Niache hivyo."

Nikasema, "Na ukianguka?"

"Sijaanguka tangu zamani. Nakunywa dawa, nalala. Voilà."

Nikanyamaza. Unajua mimi kunyamaza ni tukio. Papa yako alitoka chumbani kuja kuangalia kama naumwa.

Sikiliza. Brussels ina vyuo vyake, na wewe umechagua Liège. Mimi si mjinga, najua macho yangu yanachosha. Miaka yote nimekutazama ukila, nimekutazama ukioga kupitia mlango ulionikatalia kufunga, hapana, niliokukatalia mimi kufunga. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekuambia kimbia. Kwa hiyo sikunyamaza kwa hasira. Nilinyamaza kwa sababu nilimwona Zawadi.

Mama yako mdogo Zawadi unamjua kwa picha moja tu, ile ya viatu vikubwa. Ndiye aliyenifuata mimi tumboni mwa mama yetu. Alikuwa na ugonjwa ule ulio nao wewe. Kwetu haukutajwa kwa jina, watu walisema "ule ugonjwa" na kidevu kinaelekea upande wake. Waliamini kwamba povu likikugusa, umeupata. Basi Zawadi akianguka, watu walirudi nyuma, wakasimama duara, wakangoja. Alikuwa na sahani yake na kikombe chake cha bati, na mama yangu alikifunga uzi mwekundu kwenye kishikio ili mtu asikosee akakinywea. Usimfikirie vibaya bibi yako. Alimpenda yule mtoto. Alimpeleka kwa waganga na kwa wachungaji. Walimkataza kumpa nyama ya mbuzi, walimkataza jogoo, walimkataza kumvalisha nguo nyeusi, naye alifuata yote bila kuruka moja. Lakini kikombe kilikuwa na uzi.

Siku moja Zawadi alikwenda mtoni na wanawake kufua. Alianguka mahali ambapo maji yalifika magotini tu. Wanawake walifanya kama ilivyokuwa kawaida. Walirudi nyuma, wakasimama, wakangoja. Mimi nilikuwa darasani. Sitaandika zaidi ya hapo.

Sasa njoo kwako. Ulikuwa bado na meno ya maziwa ulipoanguka mara ya kwanza, Jumamosi, salon imejaa. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha Maman Solange. Nikasikia kitu kimegonga sakafu, nikageuka, ni wewe. Na salon ambayo watu walikuwa wamebanana mpaka mlangoni ikawa tupu palepale. Wamama wazima, waombaji wakubwa, walikuwa nje kwenye korido ya Galerie wakichungulia kupitia kioo, mmoja na taulo kichwani, Maman Solange na rasta upande mmoja na nywele zimesimama upande mwingine, kitana changu kimechomekwa humo kama antena.

Mimi sikukimbia. Hilo nitalisema mpaka kaburini. Nilikushika, povu likanimwagikia mkononi, nikasema moyoni, kama linaambukiza na liniambukize mimi basi.

Ila kushika kwenyewe sikujua. Nilikutia kijiko kati ya meno, maana nilisikia ndivyo inavyofanywa, na jino likavunjika. Bahati yako lilikuwa la kung'oka. Shuleni walipokuuliza, uliwaambia yule panya anayechukua meno ya watoto amekuja mapema.

Daktari wa hospitali, yule Mflamandi mwenye sauti ndogo, alituambia jina la ugonjwa kwa Kifaransa, akatoa dawa, akasema mtoto alale vya kutosha, saa zilezile kila siku. Oui, docteur, nikasema. Kulala nani hajui? Niliona ni maneno ya kuagana tu, kama mtu anavyokuambia safari njema.

Kisha nikakupeleka kwenye mkesha.

Unakumbuka ule ukumbi, viti vya plastiki, radiateur ya kupasha joto iliyokuwa ikigonga kama mtu anayetaka kutoka ndani ya ukuta. Kila Ijumaa. Tulikuweka katikati, tukakuombea mpaka kunapambazuka. Ukisinzia, Maman Solange, ambaye ndiye mkubwa wa kikundi cha maombi, alikugusa bega. "Amuka, mutoto wangu, adui anapenda usingizi." Nawe uliamka, ukafungua macho makubwa, nami nikaona fahari, nikasema mwangalieni mwanangu alivyo shujaa. Asubuhi tulitoka hapo moja kwa moja mpaka salon, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya kazi. Na Jumamosi ndiyo siku uliyokuwa ukianguka. Si kila Jumamosi. Lakini ukianguka, ni Jumamosi. Nikasema, shetani huyu anaijua biashara, anachagua siku yenye wateja. Nikaomba zaidi. Nikaomba tuongeze na Jumatano.

Daktari aliliona kabla yangu. Aliniuliza, "Madame, mbona Jumamosi? Ijumaa jioni mtoto anafanya nini?"

Nikajibu, "Anakula, anasoma, analala."

Niliogopa kwamba nikimtajia mkesha ataniona mwanamke wa porini. Nilitaka anione mama wa maana, mwenye mkoba mzuri. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti, miguu haifiki chini. Uliinua macho ukanitazama, kisha ukatazama viatu vyako. Nimelifikiria sana lile jicho lako wiki hii.

Baadaye bomba la ukumbi likapasuka, mikesha ikasimama majira mazima ya joto, na hukuanguka hata mara moja. Mimi nikafanya nini? Nikatoa ushuhuda. Nilivaa kile kitenge cha bluu, nikasimama mbele, nikaongea mpaka mchungaji akaanza kutazama saa. Nikasema mwanangu amepona kabisa. Watu walifurahi kweli, Riziki, walilia kwa ajili yako. Na ukumbi ulipotengenezwa, wakakuandalia mkesha mkubwa wa shukrani. Usiku kucha, ngoma na kinanda, wewe unacheza mstari wa mbele. Asubuhi yake, salon, ukaanguka vibaya kuliko siku zote.

Ulipotulia, nikakulaza kwenye kochi. Maman Solange alijitupa kwenye kiti, akashika paji la uso, akasema, wala hakuwa akisema na mimi, "Usiku muzima bila kulala, hata mimi muntu mukubwa kichwa inazunguka."

Nilikuwa na kitana mkononi. Unajua mtu anapofumua rasta ya zamani, anaifuata kidole kwa kidole mpaka anafika pale ilipoanzia? Hivyo ndivyo nilivyoziona zile Ijumaa, moja baada ya nyingine, mpaka ya kwanza.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari bila miadi, nikamwambia yote. Hakucheka wala hakunigombeza. Aliuliza tulianza saa ngapi, ulikula nini, kulikuwa na taa za kuwaka na kuzima, ulikunywa dawa kabla au baada. Aliuliza kama mtu anayetafuta funguo. Mwisho akasema, "Asante, Madame, sasa ninaona." Nikatoka pale nimejua kwamba muda wote ule mimi ndiye niliyemziba macho.

Kumwambia daktari kulikuwa rahisi. Kumwambia Maman Solange ndiyo kazi.

"Maman Riziki, unanyima mutoto maombi?"

Nikamwambia, "Simunyimi. Mumuombee akiwa amelala. Ama Mungu anangoja mpaka mutoto aamuke ndiyo asikie?"

Nilidhani nimempoteza rafiki na mteja siku moja. Kisha akasema, "Bon." Na Ijumaa iliyofuata alikuja hapa nyumbani, viatu mkononi ili visigonge sakafu, akasimama mlangoni mwa chumba chako, akaomba kwa midomo tu. Yeye, ambaye sauti yake inavuka barabara. Hujawahi kujua hilo. Alikuja Ijumaa nyingi.

Nakukumbusha haya yote kwa sababu ya ile kazi yako ya mwisho ya shule. Wenzako walichagua mpira, walichagua mitindo ya nguo. Wewe ukachagua Wagiriki wa kale na jinsi udaktari ulivyoanza. Nami nikakuweka katikati ya salon uifanyie mazoezi mbele ya wateja, maana nilitaka wakuone. Nakiri, ilikuwa nusu mazoezi, nusu maonyesho.

Ulisema kwamba zamani, kabla ya Yesu, Mgiriki akiumwa alikwenda kwenye hekalu la mungu wao wa uponyaji. Alioga, akatoa jogoo, akajilaza sakafuni pamoja na wagonjwa wengine, alale, ili mungu amjie ndotoni na kumwambia dawa yake. Na nyoka walitambaa kati yao.

"Nyoka?" Maman Solange alitoa kichwa chini ya casque. "Na walilala?"

"Walilala, maman. Ni nyoka ya hekalu, hazikuwa zinauma."

"Mimi ningepona palepale. Ningetoka mbio, wangesema ni muujiza."

Kila mtu alicheka. Mimi nilisema, kabla sijafikiri, "Afadhali wao. Wao walipeleka wagonjwa wao kulala. Sisi wetu tulimupeleka kukesha."

Maman Solange akasema, "Hiyo unanipiga mimi, Maman Riziki."

"Ninajipiga mwenyewe. Ni vile wewe umeketi karibu."

Wewe uliendelea, hukututazama. Ukasema baadaye walitokea waganga wa namna nyingine, na wale waliosifika zaidi walikuwa wa kisiwa kinachoitwa Kos. Jina la mkubwa wao ulilitaja vizuri sana, mimi nikiliandika nitaliharibu. Hao walikaa kando ya kitanda wakatazama. Walitazama ulimi, wakagusa tumbo, wakauliza mgonjwa anakunywa maji ya wapi, upepo wa kwao unatoka upande gani, amelalaje, ameota nini. Na mgonjwa akifa, waliandika kwamba amekufa. Hawakumtafutia mchawi.

Kisha ukafika kwenye ugonjwa mmoja ambao Wagiriki wote waliuita mtakatifu. Ukaeleza unavyokuwa. Mtu anaanguka, meno yanafungana, povu linatoka. Hukuutaja kwa jina letu. Ulilizunguka jina kama mtu anavyozunguka dimbwi akiwa na viatu vipya. Ukasema walikuwepo watu wa kufukuza ugonjwa huo kwa maneno na damu, nao walimkataza mgonjwa vitu. Ukavisoma: nyama ya mbuzi, jogoo, nguo nyeusi.

Mikono yangu ilisimama kwenye nywele za mteja. Mbuzi, jogoo, nguo nyeusi. Riziki, wao walikuwa na bahari yao na nguzo zao za mawe, bibi yako alikuwa na ziwa lake pale Uvira, hakuna barua iliyokwenda wala kurudi, na wote walimnyima mgonjwa jogoo yuleyule. Ninadhani hofu ina shule moja tu duniani.

Yule mganga wa Kos, au mmoja wa wanafunzi wake, maana ulisema hakuna mwenye hakika, alisema ugonjwa huu si mtakatifu kupita mingine. Una chanzo chake, na chanzo kiko kichwani. Walipasua hata kichwa cha mbuzi aliyekuwa nao, wakaangalia ubongo. Akasema ni kamasi inayoshuka na kuziba njia za hewa. Hapo, ukasema, alikosea kabisa. Wateja walicheka ile kamasi. Mimi sikucheka. Niliona kwamba alikosea jibu, lakini alikuwa ameinama akatazama mahali penyewe. Mimi nilikuwa na dawa ya kweli ndani ya mkoba, nina daktari wa kweli, nina macho mawili mazima, na kwa muda ule wote sikuitazama Ijumaa.

Usinielewe vibaya, Mungu simwachi. Naomba kila siku na nitakuombea kesho ndani ya treni yako mpaka uone haya. Ila nimejifunza kuomba na macho wazi.

Halafu ulifika kwenye kile kipande, ukakisoma mbio. Ulidhani sikuona. Ulisema yule mganga alitazama mpaka namna wagonjwa wanavyokimbia. Mtu mzima akihisi inamjia, huwakimbia watu, hujificha, hujifunika kichwa, kwa aibu. Lakini mtoto mdogo, akishazoea kuijua, hukimbilia kwa mama yake, kwa sababu hajajifunza bado aibu ni kitu gani.

Ukakunja karatasi, ukaenda nyuma kunywa maji, ukakawia huko.

Mimi nilikuwa nahisi kitenge changu kinavutwa. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya. Ulivuka salon nzima, ukapita kati ya miguu ya watu, ukashika kitenge changu, ukasema, "Maman, inakuja." Mara moja ulinikuta nasuka bibi harusi, gari linamngoja nje. Nilimwacha. Nilikaa chini sakafuni na wewe, bibi harusi akasimama juu yetu na kichwa nusu, akapepea hewa kwa shela yake. Ile ndoa ipo mpaka leo, nimeuliza.

Jana, ulipokuwa unakunja nguo zako na kuniambia kule hakuna mtu anayekujua, ndipo nilipoelewa kwamba umekuwa mtu mzima.

Na aibu hiyo hukuzaliwa nayo. Umeipata kwangu. Watu walipouliza, nilisema ni kizunguzungu. Nilisema una upungufu wa damu. Nilisema hukula asubuhi, mimi, ambaye sijawahi kumtoa mtoto nyumbani bila kula. Hata ule ushuhuda wangu mrefu niliutoa bila kuutaja ugonjwa, nilisema "ile shida", na kidevu changu nadhani kilielekea upande wako. Miaka yote nimejisifu kwamba kikombe chako sikukifunga uzi. Kumbe uzi niliufunga mdomoni mwangu.

Donc leo, wewe ukiwa hapa unatafuta chaja yako, nilifanya jambo. Salon ilikuwa imejaa. Nikazima muziki. Nikasema, "Wamama, Riziki wangu ana kifafa."

Hilo neno lenyewe. Lilikuwa dogo, nilishangaa. Nikangoja mlango ufunguliwe, watu watoke kwenye korido. Hakuna aliyetoka. Maman Solange akasema, "Na sisi tulizania iko na nini, mafua?"

Wakacheka, na mimi nikabaki na kitana hewani.

"Maman Riziki, tuliona na macho yetu, hapa hapa. Tulikuwa tunangoja wewe useme, ndiyo na sisi tuulize."

"Muulize nini?"

"Tufanye nini akianguka. Miaka yote tunakimbilia kwenye korido, sababu hakuna muntu alishatuambia tupeleke mikono wapi."

Nikakaa chini. Nilifikiri wale wanawake wa mtoni. Sitawasamehe leo, nina kazi nyingi. Lakini kwa mara ya kwanza niliwaona na mikono yao.

Kisha nikawafundisha, kama daktari alivyonifundisha. Ondoeni viti. Kitu laini chini ya kichwa. Msimbane, msimtie kitu mdomoni, na hapo nikawaambia ya kijiko. Akiacha kutikisika mgeuzeni ubavu. Tazameni saa, ikirefuka pigeni simu kwa ambulance. Na asiachwe peke yake. Maman Solange akajitolea kuwa mgonjwa. Tulimtandikia taulo zangu zote, akalala chini na mkufu wake na saa yake, akafunga macho. Tulipoanza kumgeuza akasema, "Polepole, mimi si gunia ya mihogo." Wakati huohuo mteja mmoja wa Kinshasa, asiyejua Kiswahili, akafungua mlango. Akamwona Maman Solange chini, sisi tumemzunguka. Akasema "Nzambe," Mungu kwa Kilingala chao, akaweka mkoba wake chini, akapiga magoti, akamshika mkono. Hakuuliza kitu. Tulicheka mpaka machozi, yeye naye akacheka alipoelezwa, na mimi nikaingia nyuma kunywa maji, nikakawia huko.

Sikuombi uwaambie wote. Nakuomba mmoja. Siku moja utavaa koti jeupe na watakupanga zamu za usiku, na itakubidi useme mbele ya wakubwa kwamba wewe usiku ni lazima ulale. Mimi sijui utalisemaje, hilo ni la daktari wako na wewe. Ninajua tu kwamba mbele ya wakubwa si mahali pa kulisema kwa mara ya kwanza. Anza na msichana mmoja jikoni, maji ya chai yanachemka.

Na ukihisi inakuja, usinikimbilie mimi. Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeiandika tena. Treni ya Liège ni ya haraka lakini haina haraka ya kunifikisha kwako kwa wakati. Wala usiingie chumbani ukafunga mlango. Mkimbilie yule mmoja. Mvute nguo kama ulivyonivuta mimi. Atajua apeleke mikono wapi, kwa sababu utakuwa umeshamwonyesha.

Papa yako amesema kweli, sanduku ni zito. Katikati ya masweta nimeweka vikombe viwili. Ni vyeupe, vinafanana kabisa, nimezunguka duka zima kuvitafuta vinavyofanana. Ukimkaribisha chai, mpe kile kitakachokuja mkononi, nawe uchukue kinachobaki.

Usivitie alama.

Ni mimi,
mama yako